Msabato Aliyefuga Nguruwe wa Michezo

Bathsheba wa kwenye Biblia alisifika kwa kuoga. Bathsheba wa Migori, mwalimu wa michezo katika Chuo cha Ualimu cha Ombasa, alisifika kwa kuogesha nguruwe. Yule wa kwanza alimtia mfalme matatani. Huyu wetu, Bathsheba Bochaberi, aliwatia matatani mkuu wa chuo, mzee wa kanisa na, kwa kiasi fulani, Kitabu cha Walawi.

Wazazi wake walikuwa Wakisii waliohamia Migori kuuza ndizi, Wasabato wa kufa na kupona. Shuleni Bathsheba alikimbia mita mia nne miguu mitupu, na wasichana waliovaa viatu hawakuwahi kumjua kwa sura, walimjua kwa mgongo. Mwaka aliochaguliwa kwenda kushindana Kisumu, gari la shule lilibeba mahindi ya mwalimu mkuu. Akabaki langoni na furushi la chapati za safari, akazila zote kwa hasira. Kuanzia siku hiyo aliapa kwamba mtoto mwenye miguu hataachwa nyuma kwa sababu ya mtu mzima mwenye magunia.

Basi mwaka 1994, kiapo kilipimwa. Mkuu wa chuo, Bwana Jared Ogola, mtu wa tumbo lenye heshima zake, alimwita ofisini. Wanafunzi wa Ombasa walilipa karo ya michezo kila muhula bila kukosa, lakini karo hiyo ikiingia kwenye akaunti ya chuo iligeuka mapazia. Ofisi ile ilikuwa na pazia kwenye kila dirisha, pazia mlangoni, na pazia lingine ukutani pasipo na dirisha lolote.

"Madam," akasema Bwana Jared, "timu yako haijawahi kurudi hata na kikombe cha chai. Mwaka huu mkienda Homa Bay mrudi na kombe. La sivyo, ule uwanja napanda miwa, na michezo tunafunga."

Bathsheba akauliza watakwenda na gari gani. Akaambiwa la chuo liko gereji. Kila mtu Ombasa alijua gereji hiyo: ilikuwa nyumbani kwa mkuu, na gari lilikuwa linatibiwa kwa kubebeshwa matofali. Akauliza kuhusu fedha za viatu na chakula. Akaambiwa serikali imebana matumizi. Hapo akaomba kitu kimoja tu, apewe makombo ya bwalo.

Mkuu alicheka hadi tai ikamkaba. "Chukua, Madam. Chukua hata harufu yake."

Nyuma ya jiko la chuo kulikuwa na kilima cha ugali wa jana na mchuzi wa maharagwe. Mpe ng'ombe ugali huo, atavimba afe, ubaki na hasara. Mpe mbuzi, atakudharau. Katika uumbaji wote wa Mungu kuna mnyama mmoja tu anayegeuza ugali baridi kuwa nyama bila kunung'unika, na Bathsheba alimjua. Alilikwepa jina lake kichwani kama mtu anavyolikwepa jina la mkwe. Kisha akaenda kwa jirani Mkatoliki, akarudi na watoto sita wa nguruwe ndani ya gunia.

Mwanzoni alijiwekea sheria kwamba yeye atasimamia tu, na wanafunzi Wakatoliki ndio watagusa. Zamu ya kwanza akampa Otieno, kijana wa kuruka mara tatu. Otieno aliosha nguruwe kama mtu anayepaka chokaa ukutani kwa malipo ya kesho. Bathsheba alivumilia kidogo, akavua viatu, akamnyang'anya brashi.

Kazi ile ndiyo ikawa mazoezi. Kutoka bwaloni hadi bandani kulikuwa na mteremko, bonde na mlima, na makombo yalisafirishwa kwa ndoo, mbio, kila jioni. Atakayemwaga hurudia. Bhoke, msichana wa Kikuria kutoka upande wa Isebania, aliyekimbia mita mia nane, alikuwa akipanda mlima ule na ndoo mbili huku anaimba, na wavulana nyuma yake wakihema kama mvukuto. Kufikia muhula wa pili nguruwe walikuwa na matako ya waheshimiwa, na wanariadha walikuwa na mapafu ya kuuza.

Lakini harufu haina dini. Sabato moja ya muhula wa kwanza, nguruwe wakiwa bado wembamba, upepo uligeuka, ukaingia kanisani katikati ya ombi, na baada ya ibada Mzee Mokaya, mzee wa kanisa, akaita baraza. Alikuwa mtu mwema, mkali, na mwenye kuijua Biblia yake kuliko alivyojua shamba lake.

"Dada Bathsheba, ni kweli unafuga wale wanyama?"

"Nawafuga, Mzee."

"Walawi kumi na moja inasemaje?"

"Inasema nisiwale, wala nisiguse mizoga yao. Wangu wako hai. Wana afya kuliko kwaya."

Kwaya ilikohoa. Mzee Mokaya akamwambia asicheze na Neno. Bathsheba akajibu kwamba hachezi, kwani hata mwana mpotevu alilisha nguruwe, na aliporudi nyumbani alichinjiwa ndama. Yeye haombi ndama, anaomba wamvumilie hadi Homa Bay.

"Alichinjiwa ndama baada ya kuwaacha," akasema Mzee Mokaya polepole. "Si kabla."

Hapo alimpata. Baraza likamwekea mambo mawili: awaondoe nguruwe wiki hiyo, au awekwe chini ya marudi hadi mwisho wa mwaka. Marudi si mchezo. Maana yake ni kuvuliwa ushemasi, kukaa benchi la nyuma, kutohudumu na kutofungua mdomo katika ibada. Na kitu ambacho Bathsheba alikipenda kuliko vyote pale kanisani ni kuosha vikombe vya Meza ya Bwana. Aliviosha kwa mikono miwili, kimoja kimoja, bila kumruhusu mtu kumsaidia.

Kuwauza wiki hiyo kungekuwa kuuza mifupa. Bathsheba aliitazama sakafu, akauona uwanja umejaa miwa.

"Basi niwekeni," akasema.

Alilia jioni hiyo bandani, mahali ambapo hakuna aliyemshangaa.

Msimu wa mashindano ulipokaribia, nguruwe wakiwa wamenona hadi kusimama kwao ni mradi, Bwana Jared alitokea bandani na leso puani. Makombo ni ya chuo, alieleza, kwa hiyo nguruwe ni wa chuo, na wakiuzwa fedha ziingie akaunti ya chuo.

"Sawa, Bwana Mkuu," akasema Bathsheba kwa unyenyekevu uliopaswa kumtisha mtu mwenye akili. "Wakiuzwa, kila senti itaingia huko."

Kesho yake akapanda gari kwenda Isebania kwa Wangwe, Mkuria mwenye bucha iliyolisha pande zote mbili za mpaka, na mwenye lori. Alimwambia hataki pesa yake hata shilingi. Anataka lori kwenda na kurudi Homa Bay, chakula cha vijana, na viatu vya misumari kutoka kwa wale wafanyabiashara wa Sirare, ng'ambo ya mpaka, anaowajua.

Wangwe akakuna shavu. "Mama, sisi tukitoa mifugo bila pesa, huwa tunaoa."

"Basi hesabu mimi ndiye nimetoa mahari. Naoa lori lako."

Wangwe alicheka, akakubali, na akaja mwenyewe kuwachukua. Bwana Jared alipouliza fedha ziko wapi, akajibiwa kwamba nguruwe hawakuuzwa. Wamebadilishwa tu, na lori, ukiliingiza benki, karani atashangaa. Mkuu akarudi ofisini kwa mapazia yake.

Lori lilioshwa kwa sabuni na kwa maombi, lakini lilikuwa limeshabeba abiria wake wa kwanza na halikusahau. Walipita Rangwe wakifukuzwa na mbwa. Uwanjani Homa Bay, vyuo vingine vilishuka kwenye mabasi, na vijana wa Ombasa wakashuka kwenye nzi. Jukwaa zima likawapokea: "Anguro! Anguro!" Hiyo ni nguruwe kwa Kijaluo, na siku hiyo hata wasiokijua walijifunza.

Bathsheba aliwakusanya. Otieno alikuwa ameinamisha kichwa, na Bhoke alikuwa ameokota jiwe.

"Tupa hilo," akamwambia. "Mnakumbuka wale nguruwe wa kwenye Injili? Waliteremka mlima mzima hadi ziwani bila kusimama. Hakuna aliyewahi kuwapita. Kimbieni hivyo hivyo. Ila ziwa ni lile pale, mwisho wa uwanja mgeuke."

Bhoke alishinda mita mia nane akiwa peke yake, wenzake wakiwa kama watu wanaomsindikiza kwa mbali. Otieno aliruka akapita kipimo, wakaenda kutafuta kingine. Ijumaa zikabaki mbio za kupokezana vijiti, na kombe lilining'inia hapo. Waamuzi wakachelewa, wakabishana, wakanywa soda. Bathsheba akawa anatazama jua kuliko uwanja, maana likizama ni Sabato, na yeye hapigi kelele za mbio siku ya Bwana. Kijiti cha mwisho kiliingia mkononi mwa Bhoke jua likiwa kidole kimoja juu ya maji. Bathsheba alitumia kidole hicho chote. Wanasema sauti yake iliwafikia wavuvi. Bhoke alikata utepe, jua likazama, na Bathsheba akakaa kwenye nyasi, kimya, akitabasamu kama mtu aliyemaliza deni.

Jumapili walipofika Ombasa, Bwana Jared alikuwa langoni na suti mpya na mpiga picha. Alilikumbatia kombe utadhani alilizaa. Miche ya miwa ikapelekwa kwa shamba la mtu mwingine, na uwanja ukabaki uwanja.

Sabato iliyofuata, Bathsheba alikwenda kuketi benchi lake la nyuma. Akalikuta limejaa. Timu nzima ilikuwa imebanana pale, mashati yamepigwa pasi. Akajipenyeza pembeni.

Kama ilivyo desturi, Mzee Mokaya akaomba wageni wasimame, wataje majina yao na waliowaleta. Benchi zima likainuka.

"Naitwa Bhoke Marwa, mimi ni Mkatoliki. Mita mia nane, dhahabu. Nimeletwa na Madam Bathsheba."

"Otieno. Kuruka mara tatu, dhahabu. Nimeletwa na Madam."

Wakaendelea mmoja baada ya mwingine, mkuki, kisahani, vijiti, hadi msichana wa mwisho aliyesema kwa sauti ndogo, "Mimi sikupata medali. Nilibeba ndoo. Nimeletwa na Madam."

Kwa desturi hiyo hiyo, anayeleta wageni husimama nao wakiimbiwa. Waumini wakageuka kumtazama mzee wao. Mzee Mokaya alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Marudi yalikuwa bado hadi Desemba, na hangeyaondoa kwa ajili ya kombe wala kwa ajili ya mfalme. Yalikataza kunena na kuhudumu. Juu ya kusimama hayakusema chochote.

"Dada Bathsheba," akasema, "simama na wageni wako."

Akasimama, kidevu juu, mdomo umefungwa kama sheria ilivyotaka, na kanisa likaanza kuimba.