Niliona Rangi, Sikuona Uso

Ndugu zangu wa kanisa, mniruhusu nitoe ushuhuda nikiwa nimeketi. Bado nachoka upesi.

Mimi ni mshonaji hapa Kamina. Bwana wangu anafanya kazi kwenye reli. Zamani nilikuwa nakata kitambaa bila kuchora mstari.

Asubuhi moja ya mvua, nguo za wateja zilikuwa hazijakauka. Niliingiza chumbani mbabula, jiko letu la makala, yaani mkaa, likiwa linawaka, nikafunga mlango na dirisha, nikaendelea kushona. Kichwa kikaanza kuniuma. Nikatapika juu ya mashine, miguu ikalegea. Bwana wangu alinikuta chini, sisemi, akanivuta nje.

Hospitalini, mwanzo niliona giza tu. Halafu rangi zikarudi. Niliona weupe wa shuka, niliona hata nyuzi za blanketi. Lakini vitu havikuwa na ukingo. Kila kimoja kilimwagikia kingine.

Dokta akanionyesha kitu. "Mama, hii ni nini?"

"Naona nyekundu. Iko laini, inang'aa."

"Ni kintu gani?"

"Sijue."

Akaniambia nikishike. Mkono wangu ukaenda moja kwa moja, vidole vikapanuka sawasawa na ukubwa wake. Kilikuwa kikombe. Mkono ulijua, mimi sikujua.

Dokta akamwambia bwana wangu, "Macho yake iko muzuri. Sumu ya hewa ya makala ndiyo iliumiza ubongo."

"Atapona?"

"Pole pole. Yote, siwezi kuahidi."

Binti yangu Ngoie akaja karibu. Niliona ngozi ya kahawia na kitenge cha njano. Uso haukuwepo.

"Mama, ni miye, Ngoie," akasema.

Nikalia.

Nyumbani ilikuwa taabu. Mlango wa choo na ukuta vilikuwa na rangi moja ya udongo, sikuweza kuvitenganisha. Nilijikojolea pale nje, mtu mzima. Ngoie akaninawisha. Kesho yake akashika kidole changu, akakipitisha pembeni ya mlango. "Fuata, mama. Bila haraka." Tukafanya vile kwa sahani, kwa mikasi, kwa uso wake: paji, pua, kidevu. Kila siku nilimaliza nikiwa na jasho, kichwa kinapiga.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Ngoie alisimama mlangoni akichana nywele, mwanga nyuma yake. Mstari ukajitokeza, toka paji mpaka shingo.

Nikasema, "Ngoie, umekonda."

Akaacha kuchana. "Mama, unaona?"

"Naona."

Sijapona yote. Nguo za maua mengi bado zinanishinda, na watu wengi pamoja wananichanganya. Lakini namshukuru Mungu, na bwana wangu, na huyu mtoto. Ninyi, mbabula ibaki nje, hata mvua ikinyesha. Na mtu wenu akisema anaona lakini hajui anachoona, msiseme anajifanya. Mpelekeni hospitali, halafu mvumilieni.

Nimemaliza. Ninyi imbeni, mimi naenda kulala kidogo.