Dume na Jike Mezani kwa Rajabu

Joyceline ni mtu wa Rombo, kwenye migomba. Bahari aliiona akiwa mtu mzima. Sasa anasomea bahari kule Unguja, shahada ya pili, na kazi aliyokabidhiwa ni pweza.

Mwalimu wake alimtuma Kariakoo. Pweza wengi wa visiwani wanaliwa Bongo, alimwambia, kawapime kabla hawajaingia kwenye sufuria. Urefu, uzito, na dume wangapi kwa jike wangapi. Bila hivyo hakuna shahada.

Akafikia kwa mama yake mdogo, Theopista, muuza vitenge wa jumla. Theopista aliuliza jambo moja tu.

"Mwanangu, ng'ombe wamekwisha?"

Wauza pweza wengi pale hununua waliokwisha kuchemshwa. Rajabu, mtu wa Kilwa, yeye hununua wabichi kwenye soko la samaki la Feri na kuwachemshia pale pale kwenye meza yake, nyuma ya maduka ya kufuli. Joyceline akaenda kumwomba.

"Mchaga na pweza wapi na wapi?" Rajabu akasema. "Haya, kaa hapo. Pilipili yangu usiguse."

Akakaa, na hapo mambo yakaharibika. Supu ya pweza kila mtu anajua wanaume wanainywea nini jioni kabla ya kurudi kwa wake zao. Huinywa wima, upesi, macho chini, kama mtu aliyepita tu kwa jirani kuomba kiberiti. Sasa wanamkuta binti na futi ya fundi mkononi, anawatazama. Wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Polycarp, muuza kufuli, mteja wa kila siku, alifika, akamwona, akajifanya anamtafuta mtu.

"Dada, kesho usije," Rajabu akasema. "Unanifukuzia watu."

Joyceline akaiona shahada inazama. Polycarp alipopita tena, akamwinulia mkono wa pweza.

"Kaka Polycarp, njoo uone. Huyu dume."

Polycarp akasimama. "Umejuaje?"

"Hesabu mikono. Huu wa tatu wa kulia, kwa dume ncha yake haina vikombe vya kunatia. Laini, kama kijiko kidogo. Jike hana."

Polycarp akasogea. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Sasa dada, kati ya dume na jike, nani ana nguvu?"

Msomi wa kweli angesema haijapimwa. Joyceline akaitazama meza tupu ya Rajabu.

"Wewe mwenyewe unaonaje?" akasema, akimkonyeza kidogo.

Polycarp akanywa vikombe viwili vya dume. Akaenda kuwaambia wenzake. Haikufika mwisho wa wiki, watu wakawa wanajipanga, na hakuna tena aliyemwonea haya binti. Wanamwita kabisa. "Dada msomi, dume wapo?"

Rajabu si mjinga. Naye akajifunza kutazama ule mkono. Asubuhi moja Joyceline akafunua ndoo: dume. Akashika wa pili, dume. Akafika chini kabisa, dume. Akiyaandika hayo, mwalimu ataamini bahari nzima haina mwanamke.

"Kaka Rajabu, jike wako wapi?"

"Nimewaacha Feri. Nani atawala?"

"Mimi nawataka kama bahari ilivyowatoa. Sio uwachague."

"Si wewe uliyewaambia?"

"Mimi niliuliza tu."

"Uliuliza kwa jicho."

Wakavutana. Mwishowe Rajabu akakubali kuleta jike mmoja, kumjaribu. Asiponunuliwa, basi Rajabu atakuwa ananunua dume tu, na Joyceline arudi kisiwani mikono mitupu.

Jioni ile jike alikaa kwenye sinia peke yake. Mtu anafika, anaulizia, anahamia kwa dume. Joyceline akaona bora aseme ukweli, labda utasaidia.

"Jike akishataga, anakaa pangoni analinda mayai," akawaambia. "Hali kitu. Anayapulizia maji tu, mpaka watoto watoke. Wakitoka, anakufa."

Polycarp akashusha kikombe. "Kumbe mgonjwa? Unataka tule mgonjwa?"

Wakacheka. Rajabu akacheka kuwashinda.

Nyuma yao alisimama Mzee Aristides, fundi cherehani, mtu wa Masasi. Zamani hakuwa mtu wa kula barabarani. Alianza baada ya kumzika mkewe.

"Hali kitu kabisa?" akauliza.

"Kabisa, babu."

"Nipe huyo."

"Mzee, huyo hana kitu," Polycarp akasema. "Chukua dume."

"Dume nimpelekee nani?"

Kicheko kikaanza, kikakatika. Mzee akachoma kipande kwa kijiti, akakichovya kwenye pilipili.

"Mama Angela wangu naye mwishoni alikuwa hali. Lakini akisikia mlango, anauliza, umekula?"

Akatafuna. Watu wakatazama vikombe vyao.

"Mlaini huyu," akasema. "Nyie endeleeni kutafuna mipira yenu."

Polycarp akameza mate. "Mlaini kweli?"

"Sikupi."

"Kidogo tu, mzee wangu."

"Kalale na dume lako."

Sasa wakacheka vizuri. Mzee akamaliza sahani, hakubakisha hata ncha ya mkono. Polycarp akamgeukia Rajabu.

"Kesho nichanganyie."

"Nini na nini?"

"Wote. Mimi nina mke, lakini na meno yangu mabovu."

Mwingine akasema naye achanganyiwe. Na mwingine. Rajabu akamtazama Joyceline kama mtu anayemtazama mtoto aliyevunja sahani halafu akaiunga mwenyewe.

"Kesho sichagui," akasema. "Nabeba watakaokuwepo. Ila wewe, mtu akikuuliza kitu hapa, jibu. Usimkonyeze."

"Sawa, kaka."

Kesho yake akafunua ndoo. Wa juu alikuwa jike, mdogo. Akampima. Wa pili akamshika huku ameangalia pembeni, anaogopa. Kisha akaunyoosha mkono wa tatu. Dume. Wa tatu, jike. Akaanza kucheka peke yake, na Rajabu akamwambia apime upesi, maji yanachemka.