Mtoto Ambaye Hakuhesabiwa

Kule Majengo, Nyeri, wanawake walimwita Mama Hesabu, tena kwa kumsema pembeni, maana mbele yake waliogopa. Hakuwa mwalimu wala karani. Alikuwa muuza uji, jina lake Wachuka, mke wa Mutahi fundi wa baiskeli, na kosa lake lilikuwa moja tu: alihesabu watu. Akiona foleni penye bomba la maji, midomo yake ilianza kucheza. Mmoja, wawili, watatu. Na mtu wa huku mlimani ukimhesabia watoto ni kama umekionyesha kifo mlango. Hata wachungaji wa zamani hawakuhesabu mbuzi. Waliwajua kwa rangi, na aliyepotea walimkosa kwa macho. Kwa hiyo akina mama walipomwona Wachuka anachezesha midomo, waliwavuta watoto wao nyuma ya leso na kutema mate kidogo chini.

Usiwalaumu. Hawakujua alikotoka.

Alitoka Wang'uru, huko Mwea. Yeye na Mutahi waliteremka Mwea miaka michache baada ya uhuru, wakapewa shamba la mpunga, nyumba ya udongo, na mbu wa kutosha ukoo mzima. Watoto walikuwa watano. Wa nne, Kagure, alipewa jina la mama mzazi wa Wachuka, kama desturi inavyotaka, kwa hiyo Wachuka hakumwita kwa jina. Alimwita "maitu", yaani mama. Na Kagure, akiwa na miaka sita, aliichukua kazi hiyo kwa uzito. Alimwuliza Wachuka kama amekula. Alimkemea akitoka kwenye jua bila kitambaa kichwani. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu: "Wachuka, mama yako huyo anakuja, ficha ugoro!"

Mwaka wa sabini na moja redio ilisema kipindupindu, kilichokuwa kikizunguka dunia, kimeingia nchini. Mwea watu walinywa maji ya mfereji, yale yale yaliyopita kwenye mpunga, kwenye ng'ombe na kwenye miguu ya kila mtu. Ugonjwa ulipofika kijiji cha jirani, ikatangazwa kwamba watu watachomwa sindano ya kinga. Jumatatu karani akapita nyumba kwa nyumba na daftari, ili dawa iletwe ya kutosha.

Karani huyo aliitwa Moffat, mtu wa Othaya, mwenye miwani na adabu nyingi.

"Mama, hapa uko na watoto wangapi?"

Ndani ya nyumba mama mkwe wake Wachuka akakohoa. Kikohozi cha mama mkwe kina lugha yake, na hiki kilisema: watoto hawahesabiwi, na mwenye kulazimishwa hupunguza mmoja, ili kifo kikija na hesabu yake kipotee njia.

"Niko na wanne," Wachuka akasema.

Watoto watano walikuwa pale pale uani wakifukuzana. Lakini Moffat naye alikuwa ametoka tumbo la mwanamke wa huku huku. Hakuthubutu kuwapitisha machoni mmoja mmoja. Akainamisha kichwa, akaandika wanne, akamwachia kadi tano, nne za watoto na moja ya mama. Mutahi angechomwa pamoja na wanaume wenzake.

Jumanne walipanga foleni kwenye banda la mpunga. Muuguzi alikuwa msichana mrefu aitwaye Waithira, kazi ilikuwa bado mpya mikononi mwake. Akasema mama aanze, watoto waone haiumi. Wachuka akatoa mkono, akachomwa, akatabasamu kwa uongo. Kisha watoto wakafuata. Kagure alikuwa wa mwisho. Wachuka mwenyewe ndiye aliyempanga nyuma, kwa sababu Kagure hakuwa mtoto wa kulialia, na wale wanaolia hutangulizwa. Alisimama na mkono wa sweta umepandishwa mpaka begani.

"Kadi yake?" Waithira akauliza.

Wachuka akamshika Kagure bega. "Sista, nilisema wanne. Lakini ni watano."

Waithira akainua macho, akaitazama foleni yote iliyobaki. "Ai, mama. Ati hata wewe? Kijiji yote mmepunguza mmoja mmoja. Saa hii niko na watoto arobaini na dawa imeisha. Mchemshe maji. Nitarudi Alhamisi."

Nyumba arobaini, watoto arobaini. Kila mmoja alikuwa amefichwa kifo kisimwone, na dawa pia ikamkosa. Kagure akashusha mkono wa sweta, akaufunga kifungo.

"Ni sawa, nitangoja Alhamisi," akasema. "Na wewe, mkono inauma?"

Jumatano alfajiri akaanza kuharisha, maji meupe kama yale ya kuoshea mchele. Tangu siku hiyo Wachuka hakuosha mchele tena maishani mwake. Mutahi alikimbia akaomba lori lililokuwa likibeba magunia ya mpunga, wakampakia mtoto juu ya magunia, naye Wachuka akamshika miguu iliyokuwa ikizidi kuwa baridi huku jua likichoma. Alimwita maitu, maitu, njia nzima, na mtoto alikuwa akimtazama kwa macho yaliyozama, ya mtu mzima aliyechoka. Aliomba maji mara mbili. Mara ya tatu hakuomba. Walikuwa bado hawajafika hospitalini.

Alizikwa jioni ile ile, na watu wa afya wakamwaga chokaa. Katika wale watoto arobaini ni mmoja tu aliyekufa. Kijiji kizima kilidanganya pamoja, na msiba ukaingia nyumba moja.

Alhamisi Waithira alirudi kama alivyoahidi. Hilo ndilo Wachuka hakuweza kumsamehe kwa miaka mingi, kwamba alitimiza ahadi. Alisimama bandani akisoma majina arobaini kwenye karatasi, na kwenye jina la mwisho akaita, "Kagure wa Mutahi." Watu wakatazama chini. Akaita tena. Wachuka alikuwa amesimama mlangoni. Sanduku la dawa likafungwa, dozi moja imebaki ndani.

Baada ya hapo Wachuka akaanza kuhesabu. Kwanza sahani, kila mara akipakua za watoto watano. Baadaye watu wowote, popote. Na hesabu yake haikuwahi kulingana na ya wengine, kila mara ilizidi mmoja. Mutahi alidhani ni huzuni, akaliacha shamba la mpunga, akamleta Majengo, kwenye chumba cha kupanga karibu na msikiti, akidhani baridi ya Nyeri itamtuliza. Wapi! Kanisani, sokoni, mazishini, alizidisha mmoja. Hakumwambia mtu kwamba yule wa ziada alikuwa anaonekana, daima wa mwisho kwenye foleni, mkono wa sweta umepandishwa mpaka begani. Alimpenda na alimwogopa, na kila asubuhi aliomba asimwone, kisha akamtafuta.

Miaka kumi na miwili ikapita. Mwaka wa themanini na tatu wauguzi wakaja Majengo kuandikisha watoto wa chanjo ya surua. Chumba cha jirani alikaa Wacera, mama kijana wa watoto watatu, mwenye ulimi wa pilipili. Wachuka alikuwa nje akisugua sufuria aliposikia muuguzi akiuliza, na Wacera akijibu bila kusita:

"Niko na wawili."

Sufuria ikamponyoka Wachuka. Alijua akifungua mdomo hatakuwa tena na jirani, pengine hata uji hautanunuliwa. Akaufungua.

"Watatu!" akasema kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini. "Huyu mmoja, huyu wa pili, na yule amelala kitandani ni wa tatu. Andika watatu!"

Wacera akapiga kelele kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Unanihesabia watoto? Wewe mchawi! Si unataka wafe!"

Lakini muuguzi alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa mwanamke mnene sasa, mwenye mvi mbili tatu, na alikuwa akimtazama Wachuka kama mtu anayemkumbuka maiti.

"Banda la mpunga," akasema polepole.

"Ni mimi," Wachuka akasema.

Waithira akaandika watatu, kisha akamvuta Wachuka pembeni. Alizungumza haraka, kama mtu aliyeyabeba maneno hayo muda mrefu. Alisema sindano ile ya zamani ilikuwa dhaifu, hata wakubwa waliacha kuitegemea. Alisema hata kama Kagure angechomwa Jumanne, Jumatano dawa ingekuwa bado haijaanza kazi. "Mama, haingemsaidia. Hata mimi nimejiambia hivyo miaka yote."

Wachuka alimsikiliza mpaka mwisho. "Najua unasema ukweli," akajibu. "Lakini ilikuwa yake, Sista. Nilimnyima mimi. Andika wangu pia, watano."

"Watoto wako si wamekua?"

"Andika."

Waithira akaandika.

Chanjo ilitolewa Alhamisi, kwenye uwanja wa kanisa. Wachuka alifika na birika lake la uji, lakini hakuuza. Wacera alikuwepo na watoto wake wote watatu, uso umevimba kwa hasira na hofu. Wakachomwa, wakalia, wakapewa peremende. Majina yakasomwa moja moja, mpaka ukurasa ukafika chini. Waithira akaita kwa sauti ile ile aliyowaitia wengine:

"Kagure wa Mutahi."

Wanawake wakageuka wakatazamana.

"Yuko," Wachuka akajibu.

Waithira akainua macho, akatazama mwisho wa foleni, mahali Wachuka alipokuwa akitazama. Kisha akainama, akaweka alama mbele ya jina.