Turubai Juu ya Kaburi la Mama

Mwaka huu, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, niliingia duka moja la Kanyenye, pale mjini Tabora, nikaomba jembe. Muuza duka, kijana mwenye kofia ya kufuma, aliangalia viatu vyangu vya mjini, akatabasamu. "Dada, na wewe unalima?" Nikamwambia silimi, nakwenda Usoke kupalilia kaburi la mama yangu. Uso wake ukabadilika. "Mungu amrehemu," akasema, akaingia ndani kunitafutia mpini ulio laini zaidi. Aliporudi akaniuliza kama ni msiba wa karibuni. Nikamjibu kwamba mama alipofariki nilikuwa na miaka minane. Akanitazama tena, akanifungia jembe kwa gazeti.

Njia nzima nilikuwa na gazeti lile mapajani, na kabla hatujafika mbali nilikuwa nimeshaanza kukaa na watu ambao hawapo tena.

Usoke ya utoto wangu ilinuka tumbaku, ndugu yangu. Kuanzia mvua zilipokolea hadi zilipokatika, majani yalikuwa kila mahali: kwenye vichanja, kwenye mabani, zile nyumba za kukaushia kwa moto, na kwenye nguo zetu. Hata madaftari yetu ya shule yalinuka tumbaku, na mwalimu wetu aliyafungua huku akipiga chafya. Treni kutoka Kigoma ilipopiga honi, kinamama walikimbilia stesheni na mabeseni yao ya karanga za kuchemsha na vitumbua, wakarudi na migebuka mikavu, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, tuliyoila kwa ugali wa muhogo. Bibi yangu, mzaa baba, hakupenda migebuka. Yeye chakula chake kilikuwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa hadi vikawa vigumu kama mbao. Meno yake yalikuwa yamebaki machache, lakini alitafuna taratibu asubuhi nzima, na ukimkaribia alikumegea kipande, hata kama alikuwa amekwisha kukitia mdomoni.

Bibi alikuwa na namna yake ya kuomba. Hakufumba macho. Aliomba akipepeta, akichota maji, akichochea moto, na aliongea na Mungu kama unavyoongea na mtu mwaminifu aliyekuahidi jambo. "Uliahidi mwenyewe," nilimsikia akisema. "Mimi sikukulazimisha. Basi nangoja." Kisha anaendelea kupepeta. Mama alikuwa akicheka sana akimsikia. Mama alikuwa mtu wa kucheka. Alitoka Bukene, akaolewa kwetu akiwa msichana, na bibi alimwita binti yangu, si mkwe wangu. Ninachokikumbuka zaidi ni magoti ya mama yakinibana mabega wakati ananisuka, na sauti yake juu ya kichwa changu ikisema, "Tulia, bado mstari mmoja," wakati bado mistari mitano.

Homa ilimshika Jumatatu. Alhamisi tukamzika. Ilikuwa Januari.

Watu wazima waliniambia mama amelala, na mimi nikawaamini. Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, kwa sababu mvua ya mwaka ule haikuwa na mapumziko. Kila wingu lilipofunga nilimfikiria mama amelala kule makaburini, udongo ukigeuka tope juu yake. Darasani, mvua ikigonga mabati, sikusikia tena anachofundisha mwalimu. Sikumwambia mtu. Niliona aibu kwamba mimi peke yangu ndiye niliyegundua kuwa mama analowa.

Alasiri moja wingu jeusi lilitokea upande wa mashariki. Baba alikuwa shambani akivuna majani, bibi amekwenda kusaga. Uani kwetu kulikuwa na tumbaku iliyokwisha kukauka, imefunikwa turubai la kijani. Nilitoa mawe yaliyolishikilia, nikalivuta. Lilikuwa zito kuliko mimi. Nililiburuta hadi makaburini, nikianguka na kuinuka, na mvua ilinikuta nikiwa nimefunika nusu tu ya kaburi.

Baba alinikuta pale. Alikuwa amekimbia, amelowa chapachapa, na bado ameshika kisu cha kuvunia.

"Unafanya nini huku?"

"Mama analowa," nikamwambia.

Nilisubiri kofi. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa ikinyeshewa nyumbani, hata mtoto wa miaka minane alijua maana yake. Baba akaweka kisu chini, akashika upande wa pili wa turubai, akalinyoosha likafunika kaburi lote hadi kwenye msalaba wa mninga. Akatafuta mawe manne, akayaweka pembeni moja moja. Alipomaliza akanibeba mgongoni, mimi msichana mkubwa, tukarudi nyumbani.

Sehemu kubwa ya tumbaku iliharibika. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine yoyote. Lakini Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani, wala ile iliyofuata. Bibi alipomuuliza, akasema, "Mama, sina la kumwambia Mungu." Bibi akajifunga kitambaa chake kichwani. "Basi kaa," akamjibu. "Nitamwambia mimi."

Sisi Wamoravian tuna desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka, kwa hiyo Jumamosi yake watu wote huenda kusafisha. Nyasi huwa zimefika kiunoni, mvua zikielekea kuisha. Mwaka ule kinamama walikuja na majembe, watoto tukabeba maji, wanaume wakatengeneza ua wa minyaa. Jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyeuza vitumbua stesheni, alikuja pia, jembe begani. Mtu akamtania kwamba amepotea njia. "Sijapotea," akasema. "Aliyelala hapa alikuwa shoga yangu."

Turubai lilikuwa bado pale, karibu miezi mitatu. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Jirani alipoinama kuondoa jiwe la kwanza, nililala juu ya turubai kifudifudi nikalishika kwa mikono miwili.

Bibi akaja. Aliniambia niinuke, sikuinuka. Akaniambia mara ya pili, nami nikamgeukia na neno lililokuwa limenikaa moyoni tangu Januari.

"Wewe hukumpenda mama! Hata kulia hukulia. Kwa sababu si mtoto wako!"

Majembe yote ya karibu yalinyamaza. Bibi akakaa chini pale pale, kwenye nyasi mbichi, miguu ameinyoosha kama mtoto. Mbele ya watu wote akalia, machozi yakifuata mikunjo ya uso wake.

"Nalia kila siku," akasema. "Nalia nikienda kuni. Nalia kisimani. Sikutaka unione, nilifikiri utaogopa. Nilikosea, mjukuu wangu."

Sijui nilitokaje juu ya turubai. Nilijikuta kwenye mapaja yake. Tulilia mpaka tukachoka, na tulipochoka nikamuuliza kile nilichotaka kujua hasa.

"Bibi, wewe umewahi kumwona mtu aliyefufuka?"

"Sijamwona."

"Sasa unajuaje kwamba mama atafufuka?"

Alipangusa pua kwa kanga, akafikiri kwanza. Ninampenda mpaka leo kwa sababu alifikiri kwanza.

"Mungu atafanyaje, hilo sijui. Sikusoma. Ila aliyeahidi namjua. Nimezika wanangu wawili wadogo, nikamzika babu yako. Kila mara nilisema, safari hii siinuki. Aliniahidi hataniacha, na hakuna asubuhi niliyoamka nikamkosa. Hajanidanganya kwa hayo. Atanidanganyaje kwa mama yako?"

Kisha akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya ua, mahali ambapo njia ya zamani ya misafara ilipita, sasa ni kijia tu cha ng'ombe. Akaniambia kwamba wazee wake waliona watu wakipita pale na mizigo ya pembe za ndovu, na wengi walianguka njiani bila kuzikwa wala kuandikwa jina. "Mungu anajua kila mmoja alipolala," akasema. "Mama yako ana msalaba, ana jina, ana wewe. Mvua haimpati. Yuko mikononi mwa Mungu."

Jirani alikuwa bado amesimama, jiwe mkononi. "Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "tulikunje au tuliache?"

"Tulikunje," nikasema. Akashika pembe mbili, nami nikashika mbili. Nyasi zilizokuwa chini yake zilikuwa zimeota hivyo hivyo, njano na zimepinda.

Siku ya pili tuliamka kabla ya jogoo wa pili. Matarumbeta yalikuwa yakizunguka kijiji kuamsha watu, na njiani wazee walisalimiana kwa sauti za chini, "Mwangaluka, mwangaluka." Tulisimama kati ya makaburi tukielekea mashariki. Mchungaji akasoma majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita. Aliposoma jina la mama nikageuka, sijui kwa nini, na nikamwona baba. Alikuwa nje ya ua wa minyaa, kofia mkononi.

Jua lilipochomoza mchungaji akapaza sauti, "Bwana amefufuka!" Makaburi yote yakajibu kwa sauti moja, "Amefufuka kweli!" Bibi alijibu kwa nguvu mpaka sauti ikamkauka. Nami nilijibu. Kisha kukawa kimya, na ndani ya kimya kile, kutoka nje ya ua, ikaja sauti moja ya mwanamume, imechelewa, inakwaruza. "Amefufuka kweli."

Bibi hakugeuka. Alinibana mkono tu, akanibana sana.

Usidhani baba alirudi kanisani wiki ile. Ilimchukua muda mrefu, na mimi niliendelea kulia mara kwa mara hata nilipokuwa sekondari. Lakini asubuhi ile alikaa nasi barazani akanywa uji wa mtama, na bibi akammegea tobolwa, na baba, mtu mzima mwenye ndevu, akalipokea akatafuna.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipougua mara ya mwisho mimi nilikuwa mbali, kazini. Nilimpigia simu nikilia, nikamwambia natafuta usafiri. Akanikatiza. "Usikimbilie kuja kunizika, mjukuu wangu. Watu wa kunizika wapo. Wewe njoo Pasaka." Alifariki kesho yake mchana, akili zake timamu. Nilikwenda kumzika, na Pasaka nikaenda tena.

Sasa baba naye amelala pembeni ya mama, na bibi upande wa pili. Mabani yetu yameanguka, matofali yake watu wamejengea mabanda ya kuku. Kanisa la udongo limebomolewa, limesimama jipya lenye vigae. Jirani yetu alichukuliwa na mwanawe kwenda Dar es Salaam. Hata usafi wa Jumamosi haupo tena. Kijana mmoja na mashine yake ya kukata nyasi anamaliza kabla ya adhuhuri kazi iliyokuwa ya kijiji kizima, na hakuna anayetaniana wala kugawana karanga. Sauti ya mama imenipotea kabisa. Nasikitika kusema hivyo, lakini ni kweli.

Kijana wa mashine alikuwa ameyaruka makaburi yetu matatu kwa sababu nilimwomba. Niliyapalilia mwenyewe, nikapata malengelenge. Nilipomaliza niliwapa shikamoo kwa kufuata umri wao, nikawaeleza habari za wanangu, nikanawa mikono, nikafika kwenye mwanya wa kutokea katika ua wa minyaa. Watu hupenda kusema kwaheri mahali kama pale. Mimi niligeuka nikawaambia, "Haya, tutaonana," nikashika njia ya kwenda stendi.