Varali Haifundishwi Ana kwa Ana

Jua halijachomoza juu ya mashamba ya mpunga ya kijiji cha Poongudi, kusini mwa India, na mzee Kaliyaperumal tayari ameketi barazani kwake, uso ukutani, mgongo barabarani. Anachovya kipande cha tete kwenye bilauri ya maji, anakilainisha mdomoni, kisha anakichomeka kwenye zumari yake nyeusi yenye urefu wa mtoto wa miaka mitatu.

Mkewe, Thaiyalnayaki, anatoka jikoni na simu mkononi. Anabonyeza, anaiweka kwenye dirisha lililo juu ya kichwa cha mumewe, anarudi kwenye kahawa yake. Mzee anapuliza.

Kinachotoka kinachoma kidogo kabla hakijapendeza. Ni Varali, mojawapo ya raga, yaani mipangilio ya sauti inayojenga muziki wa Kihindi. Sauti saba za muziki kwa kawaida hukaa kwa kupeana nafasi, lakini humu ya pili na ya tatu zimebanana hadi zinasikika kama zinagombana.

"Ni mama mkwe na mkamwana kwenye jiko moja," anasema Muthuvel, mpiga ngoma wa hekalu, ambaye pia ni kaka yake Thaiyalnayaki. "Kutwa wanakanyagana. Lakini ukishaonja chakula chao, hutaki kula kwingine."

Kaliyaperumal, mwenye umri wa miaka 64, ni mpiga zumari wa hekalu la Shiva la kijiji hiki, kama alivyokuwa baba yake. Asubuhi humwamsha mungu, jioni humlaza. Rupia elfu tano anazolipwa kwa mwezi hazifiki tarehe kumi. Zamani harusi ndizo zilizomlisha. Siku hizi wenye harusi hukodi vikundi vya ngoma kutoka jimbo jirani la Kerala, vijana wenye misuli wanaopendeza kwenye video.

Hayo ameyazoea. Lisilozoeleka ni jingine.

Miongoni mwa wanamuziki wa huku, Varali haifundishwi. Mwalimu akikaa na mwanafunzi goti kwa goti akamfundisha, ule ugomvi wa sauti huwahamia wao wawili, wasipatane tena. Anayeitaka huiiba kwa masikio. Hujibanza mahali, na mwalimu hujifanya hamwoni.

"Mimi niliipata nyuma ya zizi la ng'ombe," anasema mzee. "Baba alikuwa akipiga kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Alijua nipo."

Kwa mwanawe wa pekee, Ilamaran, hakungoja hivyo. Kijana alikuwa na miaka kumi na tisa, na harusi ya binti wa mwenye kinu cha mpunga ilikuwa imekaribia. Baba alitaka watu wawasikie wakipiga Varali pamoja, na akamkalisha mbele yake akamfundisha.

"Nilimwambia, shemeji, hiyo si ya kufundisha," anakumbuka Muthuvel. "Akanijibu, wewe piga ngoma yako."

Siku ya harusi, katikati ya Varali, Ilamaran aliipandisha ile sauti ya tatu kidogo, tofauti na alivyofundishwa. Baba yake aliacha kupiga. Mbele ya wageni wote alinyoosha mkono, akaichomoa zumari kinywani mwa mwanawe. Wapo waliocheka.

Kijana aliifunga zumari kwenye mfuko wake wa kitambaa, akaiacha juu ya mkeka. Hakukaa kula. Jioni ile alipanda basi la Tirupur, na hadi leo, miaka tisa baadaye, anashona fulana kiwandani huko. Baba na mwana hawajazungumza tangu hapo.

"Sauti zile mbili ndizo zilizotugombanisha," anasema mzee.

"Usizisingizie sauti, baba Ilamaran," anasema mkewe kutoka jikoni. "Sauti hazina mkono. Mkono ulikuwa wako."

Mzee anaitazama kahawa yake. "Ni kweli," anasema hatimaye, na inatia huruma kumwona akilimeza neno hilo.

Sasa meno yake mawili ya mbele yanacheza. Daktari wa meno mjini Kumbakonam ameshauri yang'olewe kabla uvimbe haujaenea. Kwa mpiga zumari hiyo ni sawa na kustaafu: pumzi itavuja, na midomo haitakuwa na pa kuegemea.

Thaiyalnayaki, ambaye huongea na mwanawe kila Jumapili, alimpa habari hizo. Ilamaran aliuliza kitu kimoja tu: "Mama, bado anaipiga ile?"

Kesho yake ndipo simu ilipoanza kuwekwa dirishani. Ilamaran akitoka zamu ya usiku hupanda juu ya paa la nyumba anayopanga, akamsikiliza baba yake simuni.

Mzee hajaambiwa. Lakini kwani hajui?

Thaiyalnayaki anatabasamu, machozi yakimlengalenga. "Zamani alikuwa akikaa kule kwenye kona. Siku hizi kigoda kimehamia chini ya dirisha. Nani kakihamisha, mimi?"

Muthuvel ana ushahidi wake. "Msikilize. Kila kipande anakipiga mara mbili, polepole. Nani anajipigia mwenyewe namna hiyo?"

Mzee mwenyewe akiulizwa, anakunja uso. "Simu gani?"

Asubuhi hii hakufika mwisho. Alipopanda kwenye sauti za juu jino lilimchoma, zumari ikakatika kama kikohozi. Aliishusha mapajani, akakaa na kiganja shavuni. Kunguru tu ndio waliosikika.

Mipango yake ni ipi? "Imebaki sehemu ya mwisho," anasema. "Nikiimaliza, daktari na achukue meno yake."

Na Ilamaran je, angependa arudi?

Mzee anajibu akiutazama ukuta, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtu aliyeketi karibu.

"Simwiti. Nitamwita kwa uso gani? Lakini wewe mwandishi, andika. Andika kwamba ile sauti ya tatu, siku ya harusi, ilikuwa nzuri. Sikuwahi kuisikia hivyo, si kwangu wala kwa baba yangu. Niliona haya kwamba si mimi niliyeivumbua. Andika hivyo, ayasikie kwa watu. Isiwe mimi niliyemwambia."

Thaiyalnayaki amesimama mlangoni, kitambaa cha jikoni mkononi. Anatazama dirishani.

"Mama Ilamaran," mzee anauliza bila kugeuka, "kahawa imekwisha?"

"Hajakata simu," anajibu mkewe.

Mzee anaitikia kwa kichwa, taratibu. Anachovya tete majini, anairudisha zumari mdomoni na kuanza upya sehemu ya mwisho. Safari hii, akifika kwenye ile sauti ya tatu, anaipandisha kidogo, kama alivyoipandisha mwanawe.