Harufu ya Kiti cha Nyuma

Loretta Kistler alikuwa mtu wa kinyaa, na gereji si mahali pa mtu wa kinyaa. Watu huacha uchafu wa kila namna ndani ya magari yao: viazi vya kukaanga vilivyoota ukungu, nepi, mifupa ya kuku iliyosokomezwa chini ya kiti. Yeye alivaa glavu mbilimbili, akatukana kimoyomoyo, kazi ikaendelea. Hayo yote afadhali. Kilichomchefua hasa ni kazi ya kulipua. Akikuta waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe, umeoza hadi ukawa kijani kama kamasi, aliita gereji nzima. "Njooni muone! Njooni muone binadamu mwenzenu alichofanya!" Kinyaa hicho alikipata kwa baba yake, mzee Merle, aliyeianzisha gereji hiyo mjini Allentown na kumfundisha kazi tangu hajafika kimo cha boneti.

Mzee Merle alikuwa amestaafu, kama huko ndiko kustaafu. Kila asubuhi alikuja, akakalia kigoda chake kando ya hita, akachovya donati kwenye kahawa na kumkosoa kila apitaye.

Januari moja, barabara zikiwa nyeupe kwa theluji na chumvi, Bridget Haas alileta gari la mama yake, Irma. Taa ya injini ilikuwa inawaka, na stika ya ukaguzi wa kila mwaka, isiyotolewa taa hiyo ikiwaka, ilikuwa inakaribia kwisha. Duka la spea lilikuwa limeshamsomea kompyuta ya gari bure na kumuuzia valvu mpya, jirani akamfungia. Taa ikaendelea kuwaka.

"Loretta, dada yangu, nipitishie tu," akasema.

"Simpitishii mtu mimi. Una nini wewe, mbona macho yamekuvimba?"

"Ni mama. Anataka kuacha kusafishwa damu."

"Kuacha? Si atakufa?"

"Nimwambie nini zaidi? Anasema safari inamuua kuliko figo. Anatapika njia nzima, kwenda na kurudi. Wamembadilishia vidonge, wapi! Kashakata shauri, Jumatatu hapandi tena gari." Akapenga kamasi za mafua yasiyomwisha. "Mimi nachelewa kazini. Litazame tu."

Bridget alipoondoka, Loretta akafungua mlango wa nyuma, akarudi hatua nzima. Loo! Ndoo ya matapishi iliyooshwa nusunusu, blanketi lililoganda kitu asichotaka kukijua, na vikaratasi vya manukato vilivyoning'inizwa ili kuidanganya pua. Chini ya yote hayo palikuwa na petroli, na wala si petroli ya kubahatisha. Mtu aliyekaa pale madirisha yamefungwa, hita imewashwa na blanketi hadi kidevuni, alikuwa anaivuta kwa pumzi zote. Bridget alikaa mbele na mafua yake. Angejuaje?

Sasa, mvuke wa petroli hauachwi hivihivi utoke tangini. Unanaswa kwenye kopo la mkaa lililo chini ya gari, upande wa nyuma. Huko mbele kuna valvu ndogo ya umeme. Kompyuta ikiiamuru ifunguke, injini inaunyonya mvuke ule na kuuchoma. Valvu isipofunguka mkaa unashiba, na mvuke unatafuta pa kutokea. Mashine ya duka la spea ilikuwa imetaja njia ya umeme ya valvu ile, watu wakasikia jina la spea. Ndivyo walivyo. Wako radhi kununua gari zima kipande kwa kipande kuliko kushika mita ya kupimia umeme.

Loretta akaishika. Valvu mpya ilikuwa nzima. Aliigusisha kwenye betri ikalia tik. Kwenye soketi yake waya mmoja ulikuwa na moto. Wa pili, ule unaoleta amri kutoka kwenye kompyuta, ulikuwa mfu. Basi umekatika njiani. Akaufuata kwa vidole mpaka nyuma ya betri, akakuta mahali ulipovimba. Akachana utepe.

Haukukatika. Ulikatwa. Upande wa kompyuta palikuwa pamefungwa rizista, kidude kidogo kama punje ya maharage, ili kompyuta idhani valvu ipo na taa isiwake. Sasa chumvi ya barabarani ilikuwa imekila, ndiyo maana siri ikatoka. Na bomba la mvuke? Limezibwa kwa bolti. Bolti! Mvuke haukuwa na pa kwenda ila kurudi nyuma, kwenye pua ya mama mgonjwa.

Loretta alifungua mdomo aite gereji nzima. Kisha akayaona mafundo. Nyaya zile zilikuwa zimefungwa kwa uzi uliotiwa nta, fundo baada ya fundo, nadhifu, kama wanavyofunga nyaya za ndege jeshini. Mji mzima ni mtu mmoja tu aliyefunga hivyo, na alikuwa pale kando ya hita, anachovya donati.

"Baba. Njoo."

Merle akaja, akainama, akatazama. "Aa, hiyo."

"Ni yako?"

"Irma alinijia stika inaisha kesho yake, na valvu haipatikani. Nikamsaidia. Alinipikia supu majira yote ya baridi mama yako alipofariki, ulitaka nimfukuze?"

"Ulimwambia arudi uitengeneze?"

"Nilikusudia."

"Na hili bolti?"

"Valvu ilikuwa haifungi; gari likijazwa mafuta mvuke unaisonga injini, linagoma kuwaka. Ni mvuke tu, Loretta. Zamani magari yote yalipumua hivyo, na sote tumekua."

"Irma anatapika."

"Irma anaumwa."

"Anatapika garini, Baba! Na kwa sababu hiyo anaacha kusafishwa damu. Jumatatu haendi."

Mzee aliweka kikombe juu ya betri. Loretta alingoja neno, lolote lile, la mtu aliyeshtuka.

"Usimwambie," Merle akasema. "Litengeneze kimyakimya. Akipanda ataona nafuu mwenyewe."

Hapo Loretta alichefukwa kwelikweli. Si nepi, si mifupa ya kuku. Alimwangalia mzee huyu aliyempenda kuliko mtu yeyote, akatamani anawe mikono.

"Hapandi! Husikii? Anadhani ni damu yake. Lazima ajue ni gari. Na atakayemwambia ni wewe. Ingia."

"Si utengeneze kwanza—"

"Ingia. Nyuma."

Aliendesha polepole kuelekea kwa Irma, kama Bridget anavyoendesha akimbeba mama yake. Madirisha juu, hita mpaka mwisho. Merle alikaa na ndoo kati ya miguu. Walipovuka daraja la mto Lehigh alikuwa ameivuta ndoo karibu na kifua. Walipofika taa za hospitali uso wake ulikuwa na rangi ya unga mbichi.

"Mwanangu, dirisha kidogo."

"Irma husikia baridi," Loretta akasema, mkono hauondoki kwenye usukani. Alijiona katili, na hakujali.

Mbele ya nyumba ya Irma mzee alifungua mlango kabla gari halijasimama sawasawa, akapiga magoti, akatapika kwenye theluji. Donati, kahawa, vyote. Loretta aligeuza uso. Hakumpa hata kitambaa.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Irma alitoka barazani na gauni lake la kulalia, mwembamba, ameshikilia nguzo, akamtazama Merle kwa huruma ya mtu anayeyajua hayo.

"Masikini Merle," akasema. "Na wewe wamekuanzishia matibabu?"

Loretta akazima injini, akangoja baba yake ajibu.