Alichosubiri Cucu Kusikia

Harufu ya maganda ya kahawa yanayooza nyuma ya kiwanda bado hunirudisha Mukurweini, msimu wa baridi tuliomzika baba. Ukungu haukunyanyuka hadi adhuhuri, na migomba ilidondosha maji mchana kutwa kana kwamba nayo imefiwa. Baba alikuwa dereva wa trekta katika mashamba ya ngano kule Timau, akija nyumbani Krismasi tu. Mama yake, Cucu wangu, hakuwahi kufika huko. "Siku ya mazishi," aliniambia akimenya viazi, "ndipo nitasikia mwanangu aliishi vipi."

Wasifu wa marehemu niliandikishwa mimi, kwa kuwa niliongoza darasa kwa Kiingereza. Mwalimu Wandera, mtu wa Busia, alikuwa ametufundisha kwamba katika lugha hiyo kitu kigeni huingia na "a", na kikishajulikana hupewa "the". Lugha zetu hazina vineno hivyo, nasi tulivisahau kama mtoto anavyosahau kufunga mlango. Basi tulikaa naye tukivirejesha kimoja kimoja: penye trekta, penye mbwa aliyemfuata baba shambani, penye wimbo aliouimba akiwasha injini, yote niliyosimuliwa na wenzake wa Timau.

"Mwalimu, hii kitu isikuwe na makosa," alisema baba mdogo. "Wageni wa Nairobi watatucheka."

"Mzee, hapa hata Mwingereza mwenyewe atatafuta kosa achoke."

Nilisoma bila kuteleza. Wageni wakapiga makofi. Cucu, aliyekuwa ametega sikio tangu neno la kwanza, akanivuta mkono nilipoketi. Kwa Gikuyu akauliza, "Umesema nini juu ya mwanangu?" Kabla sijajibu kwaya ikaanza, jeneza likainuliwa. Jioni nilipojaribu kumweleza, alitikisa kichwa. "Acha. Udongo umeshafunika." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na siku ile mzazi ndiye pekee ambaye hakuambiwa kitu.

Siku hizi naishi Gatitu, naandika vitabu. Mwaka huu tumemzika Cucu, na wasifu wake niliuandika wote kwa Gikuyu. Wazee waliitikia kila sentensi. Nilipoketi, binti wa kaka yangu, aliyelelewa Nairobi, akanivuta mkono.

"Auntie, umesema nini kuhusu Cucu?"

Kwaya ilikuwa imeshaanza.